Mama Takwimu na Mishahara Yangu Mitatu

Siku tuliyomzika Mama Takwimu, msemaji wa msiba alishika kipaza sauti akatangaza kwamba maelfu ya wakazi wa Babati wamefurika kumsindikiza. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Tulijaza uwanja wa nyumba yake pale Maisaka na kidogo barabarani, basi. Nikajikuta namsubiri marehemu ainuke amuulize yule bwana, kwa ule upole wake wa kuudhi, kama amewahesabu au amewakadiria, na kama amewakadiria ametumia njia gani. Nikacheka, msibani, na mke wangu akanifinya.

Huku kwetu mwanamke akishajifungua jina lake linapumzika. Mke wangu ni Mama Brayan na mimi ni Baba Brayan, ingawa Brayan mwenyewe sasa ana ndevu. Huyu mama naye alikuwa na watoto, tena wenye majina mazuri tu, lakini mji ulimwita kwa kazi yake. Alikuwa afisa takwimu mpaka alipostaafu, na hata baada ya kustaafu jina halikumwachia. Wengine walilitamka kwa heshima. Wengine walilitamka kama mtu anavyotaja maradhi ya jirani.

Mimi ni mtangazaji. Natangaza kipindi cha asubuhi katika redio moja ndogo ya hapa mjini, pamoja na mwenzangu Neema. Zamani nilikuwa nasema redio ya mkoa mzima, ingawa ukishapita Bonga tunaanza kukoroma, na mbele kidogo tunanyamaza kabisa. Kitu nilichokipenda kuliko vyote katika kazi hii ni namba. Ukisema hewani "wanawake wengi", msikilizaji atapiga simu akubishie. Ukitaja asilimia, ananyamaza, anajisemea moyoni kwamba huyu bwana kasoma. Nimekula ugali kwa siri hiyo miaka mingi. Kisha nikahamia Maisaka, ukuta kwa ukuta na Mama Takwimu, na raha yangu ikaisha.

Wasikilizaji wengine wakipiga simu husalimia kwanza shangazi zao wa Nangara, wakamsalimia na mchungaji, muda ukaisha. Yeye hakuwa na shangazi hewani. "Shikamoo Mama," ningesema kwa sauti yangu ya asali. "Marahaba. Umetaja asilimia. Asilimia ya nini?" Hapo ndipo nilipojifunza kwamba asilimia lazima iwe ya kitu. Nilikuwa sijui. Nilidhani inajitegemea.

Hakuwa mkali. Nadhani ingekuwa rahisi kama angekuwa mkali. Alivaa sweta la kahawia hata jua likiwa utosini, alitembea polepole, na swali lake alilitoa kama anakuomba chumvi. Muuza duka akimwambia wateja wote wanaipenda sabuni hii, alimuuliza hao waliohamia duka jingine amewauliza wapi. Kanisani mwinjilisti akisema sote tumebarikiwa sawasawa, alikohoa. Na neno wastani lilimtia mashaka kuliko shetani mwenyewe. "Wastani ni sufuria," alipenda kusema. "Ukiifunua inakuambia ugali uliopikwa ni mwingi kiasi gani. Haikuambii nani amelala njaa."

Lakini bajaji alikuwa hapandi. Rafiki yake alipinduka nayo mara moja, akaumia mkono, na tangu siku hiyo Mama Takwimu alitembea kwa miguu mpaka sokoni na kurudi. Nilimvizia siku moja nikamwambia kwa furaha: "Mama, huyo ni mtu mmoja. Bajaji ngapi zinafika salama?" Akasema anajua. Akasema hesabu anaijua kuliko mimi, lakini goti lake halijasoma takwimu. Akaendelea na safari yake, kapu kichwani, nami nikabaki nimeshinda bila kujisikia mshindi.

Mahali alipowachosha watu kuliko pote ni kwenye habari ya mishahara ya wanawake na wanaume. Ungetegemea mwanamke aliyezeeka katika ofisi iliyojaa wanaume achague upande, apige makofi inapobidi. Kuna semina moja tulihudhuria wote, mimi nikiwa mwandishi wa habari, maana yake nilikaa karibu na mlango wa chakula. Mwezeshaji alitoka Arusha, msichana mchangamfu. Akatuonyesha namba moja kubwa ukutani, akasema hiki ndicho anachopunjwa mwanamke kwa kazi ileile anayoifanya mwanamume. Ukumbi ukaguna. Mama Takwimu akanyoosha mkono.

"Samahani mwanangu. Hiyo namba imelinganisha mwanamke na mwanamume wenye kazi moja, au imewakusanya wanawake wote huku na wanaume wote kule?"

Yule msichana akachungulia kompyuta yake. Akasema inaonekana ni wote.

"Basi hiyo si kazi ileile. Ni jambo jingine. Na mimi naona hilo jingine ni baya zaidi, ila tuliite kwa jina lake."

Akina mama wa meza ya mbele wakaanza kuulizana huyu mama yuko upande gani. Ikafika saa ya chakula, diwani mmoja, mtu wa miraba minne na mfanyabiashara wa mbaazi, akaja na sahani yake kumpa hongera. "Umewaweka sawa, Mama. Hakuna pengo lolote. Wanawake wenyewe wanachagua kazi nyepesi."

"Mbaazi zako ghalani anazichambua nani?"

"Akina mama."

"Kutwa?"

"Kutwa, ndiyo."

"Na magunia anapakia nani?"

"Vijana. Wale wanamaliza mapema."

"Na nani anaondoka na hela nyingi zaidi?"

Diwani akaeleza kwamba kupakia ni kazi ya nguvu. Mama Takwimu akatafuna, akameza, ndipo akauliza nani aliamua kwamba mgongo wa kubeba una bei na mgongo wa kuinama hauna. Diwani akakumbuka ana simu ya kupiga. Siku ile Mama Takwimu alikula peke yake, akina mama wamemnunia upande huu na wanaume wamemkimbia upande ule. Mimi nilimpenda sana wakati ule, kwa hiyo nikakaa meza ya mbali, nisije nikahesabiwa naye.

Nisikupambie, hakuwa malaika. Alikuwa na shamba Bonga, na vibarua wa palizi aliwalipa kwa kipande, bei moja kwa wote, na alijisifu kwa hilo. Lakini kazi ya kupulizia dawa, yenye malipo mazuri na inayokwisha kabla jua halijakolea, kila msimu alimpa mwanamume. Nililigundua hilo nikaruka kama nimeokota almasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hilo umeliona vizuri," akasema, na msimu uliofuata bomba la dawa akampa mama mmoja wa jirani. Yule mama akakataa, ana mtoto mchanga ananyonya, dawa ile ni sumu. Mama Takwimu akarudi nyumbani amekunja uso, akaniambia kwamba sasa ana swali gumu kuliko alilokuwa nalo. Bomba akabeba yule yule mwanamume. Sikumsikia tena akijisifu kwa bei moja.

Kitu kingine, habari zake mwenyewe hakuzitoa. Mji mzima ulijua kwamba vijana aliowafundisha kazi walimpita vyeo mmoja baada ya mwingine. Mshahara wa serikali ni ngazi, ngazi haiulizi umevaa suruali au gauni, lakini safari za mafunzo ziliuliza, na bila mafunzo ngazi haipandiki. Nilimsihi aje studio azisimulie. Nilishaona kabisa wasikilizaji wakilia, na mimi nikilia kidogo, kwa kiasi.

"Ukinileta mimi, watalia," akaniambia. "Kesho mwingine ataleta binamu yake anayelipwa vizuri kuliko mumewe, watacheka. Mtakuwa mmeonyeshana wanawake wawili. Ulichojua jana ndicho utakachojua keshokutwa."

Nilikasirika. Nilimwona ana kiburi. Nilichokuwa nimekosa hasa ni kipindi kizuri.

Ikafika Siku ya Wanawake. Mkurugenzi wetu, mwenye redio, aliniletea karatasi mezani asubuhi. Iliandikwa kwamba katika kituo chetu wastani wa mshahara wa mwanamke umepita wastani wa mshahara wa mwanamume. Niliisoma kwa sauti yangu ya sikukuu. Nikaongeza maneno yangu mwenyewe, kwamba wengine wanasubiri usawa na sisi tumeshaupita. Neema alikuwa mbele yangu, ng'ambo ya meza, anaangalia maikrofoni yake. Simu ikalia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Hongereni. Wanawake mnao wangapi hapo?"

"Watatu, Mama."

"Neema namjua. Wa pili?"

"Dada wa usafi."

"Na wa tatu ndiye mhasibu, mke wa mwenye redio?"

Nikaweka muziki. Neema alianza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, kisha akaacha ghafla. Muziki ulipokuwa unaelekea mwisho aliniuliza, kwa sauti ndogo isiyo ya redioni: "Baba Brayan, hivi wewe unalipwa shilingi ngapi?"

Sasa hapa inabidi nieleze jambo kuhusu wanaume wa mji huu, nikiwemo. Mwanamume wa hapa atakuonyesha kovu la upasuaji kabla hajakuonyesha slipu ya mshahara. Mimi nilikuwa na mishahara mitatu. Wa kwanza ulikuwa wa nyumbani, mdogo, niliomtajia Mama Brayan ili na mimi nipate pa kupumulia. Wa pili ulikuwa wa kijiweni, kwenye nyama choma, mnene, kwa sababu mtu maarufu hawezi kulipwa kama watu. Wa tatu ulikuwa wa kweli, na tuliujua mimi na benki. Nikimwambia Neema ule wa kweli, Mama Brayan ataupata kwenye mazoezi ya kwaya, maana yeye na Neema wanaimba sauti moja. Kijiweni nako utafika, nami nitaanza kudaiwa bili yangu papo hapo kama mtu wa kawaida. Ulikuwa mkubwa kiasi cha kunigombanisha nyumbani, na mdogo kiasi cha kunivunjia heshima mjini.

Basi nikamjibu Neema kwamba mshahara ni siri ya mtu na mwajiri wake. Asubuhi ileile nilikuwa nimezitaka halmashauri ziwe na uwazi.

Jumapili iliyofuata Mama Takwimu akaniita kwake kwa kunigongea ukuta. Nilipofika barazani nilimkuta Neema ameketi na kikombe cha chai, nikajua nimeingia choo cha kike. Niligeuka kutafuta kisingizio.

"Kaa," Mama Takwimu akasema. "Mkeo alinitajia mshahara wako wakati wa kukopa kwenye kikoba. Fundi wangu akanitajia mwingine, alioupata kwako kijiweni. Ningekuwa bado kazini, ningekuandika mara ngapi?"

Nikajitia hamnazo. Nikasema watu wanaongea sana.

"Huyu binti anataka kwenda kwa Mkurugenzi," akaendelea. "Anataka kwenda na ile namba ya semina. Nimemkataza. Akienda na namba ya nchi, ataambiwa wewe si nchi. Akienda na wastani, ataonyeshwa wa kwao. Aende na namba mbili tu, yake na ya mtu anayekaa naye meza moja. Yake anayo."

"Mama, mambo haya..."

"Mficha uchi hazai, Baba Brayan."

Neema alikuwa ameshika kile kikombe kwa mikono miwili. Nilimtazama, nikakumbuka kwamba huyu binti ndiye anayefika studio kabla yangu, ndiye anayeandika habari ninazozisoma kwa sauti yangu ya asali, na kwamba nikichelewa, na huwa nachelewa, ndiye anayesema hewani kwamba Baba Brayan yuko njiani anawafuatilia habari motomoto. Nikautaja. Nikautaja ule wa kweli wote, pamoja na mgawanyo wake. Mshahara wenyewe ulikuwa sawa na wake, kama sheria inavyotaka. Tofauti ilikaa kwenye posho ya kipindi. Kipindi kilekile, meza ileile, na posho yangu ilikuwa karibu mara mbili ya yake.

Nilijiandaa kutukanwa. Neema aliweka kikombe chini.

"Ndiyo hiyo tu?" akauliza.

"Ndiyo hiyo."

"Kijiweni husemi hivyo. Mimi nilikuwa naamini ya kijiweni." Akakisogeza kile kikombe kando. "Miaka yote hii niliogopa kuuliza. Nilijua tofauti ni kubwa mno, nikasema basi huyu ana kitu ambacho mimi sina. Nilikuwa nakusikiliza hewani nakitafuta."

Sijawahi kujisikia vibaya namna ile nikiwa nimekaa kwenye kiti kizuri. Mama Takwimu hakunisaidia. Alimwongezea Neema chai.

Nyumbani nilimweleza Mama Brayan kabla kwaya haijamweleza. Sitasema yaliyonipata. Kikoba sasa kinapokea hisa zetu kamili.

Neema akaenda kwa Mkurugenzi na namba zake mbili. Akaambiwa Baba Brayan ni mtu mwenye familia. Akajibu kwamba yeye anasomesha wadogo zake, na mama yake yuko Mbulu anamtegemea. Mkurugenzi akakiri hilo hakulijua, akaahidi kwamba mwezi ukiisha hiyo tofauti haitakuwepo. Neema akarudi studio anaimba. Mwezi ulipoisha Mkurugenzi akaniletea karatasi nyingine, nami nikaisoma hewani siku ileile kwa fahari kubwa: katika kituo chetu, tofauti ya malipo kati ya mtangazaji wa kike na wa kiume imeondolewa kabisa. Nikampigia Neema makofi mbele ya maikrofoni. Nikasema mimi binafsi nimelipigania jambo hili. Baada ya kipindi tukaenda kuchukua slipu. Ya Neema ilikuwa kama ya mwezi uliopita. Posho yangu ndiyo iliyoshushwa ikalingana na yake.

Nilikwenda kwa Mama Takwimu mbio, kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Wakati huo alikuwa ameshaanza kuugua. Nilimkuta kitandani, mito miwili mgongoni, sweta lake la kahawia juu ya gauni la kulalia, redio ikizungumza chini chini pembeni. Nilimsimulia nimesimama. Alianza kucheka taratibu, kisha akacheka mpaka binti yake akaja mbio na maji.

"Nilikusikia asubuhi ukiisoma," akasema alipopata pumzi. "Na taarifa ni sahihi, ujue. Pengo halipo."

"Mama, hii ni dhuluma," nikasema. "Kazi ileile, meza ileile, mtu anaamka alfajiri, halafu anafanyiwa hivi? Sikubali. Kesho asubuhi naingia ofisini kwake, na nimeshampigia Neema twende wote."

"Neema amesemaje?"

"Amesema mkuki kwa nguruwe. Lakini atakuja."

Mama Takwimu alitingisha kichwa, akayanywa yale maji kidogo kidogo. Alikuwa amekonda sana. Nikapokea kikombe.

"Neema alipokwenda mara ya kwanza," akasema, "alikwenda na nani?"

Nilikiangalia kile kikombe. Nikasema alikwenda peke yake.

Hakuuliza la pili. Alijifunika vizuri, akaniambia nikifika mbele ya Mkurugenzi nianze na posho ya Neema, ipande, na yangu ifuate nyuma. Nikamwambia sawa Mama, nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa. Nilirudia maneno hayo usiku kucha na njia nzima ya kwenda kazini. Kisha nikaketi mbele ya Mkurugenzi, nikafungua kinywa, nikaanza na yangu. Neema akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, nikaanza upya.